Chipu ya Mbwa Haisomeki, au Inasomeka Bila Mwenyewe: Tafuta Hitilafu Ilipo

Chipu inayowekwa chini ya ngozi ya mbwa haizidi punje ya mchele: urefu wa milimita 12 hivi na unene wa milimita 2, na zile ndogo zaidi huwa milimita 8 kwa 1.4. Ndani ya kioo chake kuna kipande cha feriti kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba, kapasita, na saketi iliyobeba namba. Haina betri na haiwezi kusema mbwa yuko wapi. Hulala kimya mpaka skana iisogelee. Uga wa sumaku wa skana ndio unaoipa nguvu ya kurudisha namba yake, na hapo kazi yake imekwisha.

Ili mbwa aliyepotea arudi kwao, mambo matatu lazima yakamilike kwa pamoja. Chipu iwe hai na iwe mwilini, skana iwe ya aina inayoielewa na ishikwe na mtu anayejua kuipitisha, na rekodi iunganishe namba ile na simu ya mtu anayepatikana. Mtu akisema chipu ni mbovu, kagua skana kwanza, kisha rekodi, na chipu yenyewe iwe ya mwisho kulaumiwa. Ukianza kinyume chake, mbwa mwenye chipu nzima ataandikwa kuwa hana, na huenda akapewa mtu mwingine wakati mwenyewe bado anamtafuta.

Skana inapita mwilini, hakuna namba

Ijaribu skana kabla hujamgusa mbwa. Weka chipu moja ya majaribio kwenye kipande cha plastiki (isiwe kwenye kishikio cha funguo, kwa sababu chuma cha funguo kitaharibu jaribio) na uone inasomeka umbali gani. Kama jana ilisomeka kwa sentimita 10 na leo inataka sentimita 3, betri imechoka. Skana yenye betri dhaifu huwaka vizuri, hulia vizuri na skrini yake hung'aa, lakini uga wake umefifia na haufiki kwenye chipu iliyo chini ya manyoya na mafuta. Kwa kuwa inaonekana nzima, watu huamini jibu lake. Badilisha betri au ichaji, kisha urudie.

La pili ni masafa. Chipu zinazofuata viwango vya ISO (shirika la kimataifa la viwango) namba 11784 na 11785 hufanya kazi kwenye kilohezi 134.2 na hutoa tarakimu 15. Lakini kuna mbwa wanaotembea na chipu za kilohezi 125 zenye tarakimu 9 au 10, na wachache wenye za kilohezi 128. Skana ya masafa moja itapita juu ya chipu ya masafa mengine kana kwamba hakuna kitu. Ukiwa na skana moja tu, iwe ya masafa yote. Hata hiyo ina tabia yake: haitafuti masafa yote kwa wakati mmoja, bali huyajaribu kwa zamu. Ukiipitisha mbio, inaweza kuvuka juu ya chipu ikiwa bado kwenye zamu isiyo yake. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kwenda polepole.

Sababu ya pili ni namna chipu ilivyolala. Waya wake umezungushwa kuelekea upande mmoja, hivyo hupokea nguvu nyingi uga wa skana unapoingia kwa urefu wake, na karibu haipokei chochote uga unapoikata kwa pembe mraba. Chipu ileile inaweza kusomeka skana ikielekea kichwani na kunyamaza ikielekea ubavuni. Mtu anayepitisha skana mara moja kwa mwelekeo mmoja anabahatisha.

Fanya hivi. Vua mkanda wa shingo wenye pingili au bamba la chuma, na mnyororo wote. Mwondoe mbwa kwenye meza ya chuma, au mtandikie kitu kinene kisicho chuma. Sogea mbali na kompyuta, skrini, taa za mirija na skana nyingine iliyowashwa, maana vyote hivyo huchafua uga. Skana iguse manyoya, ikandamizwe kidogo kama mbwa ana manyoya mengi au ni mnene. Anza katikati ya mabega, kitufe kikiwa kimebonyezwa muda wote, na uende kwa mkondo wa herufi S kwa mwendo usiozidi sentimita 15 kwa sekunde. Kwanza kata mwili kwa upana, kutoka bega hadi bega. Kisha rudi kwa urefu, kutoka shingo hadi mgongoni. Kila unapobadili upande, igeuze skana nyuzi 90 na uiyumbishe kidogo.

Usipopata, panua eneo. Upande wa kushoto wa shingo ni lazima ukaguliwe, kwa kuwa katika nchi nyingi za bara la Ulaya ndipo chipu huwekwa, wakati Uingereza na Marekani huiweka katikati ya mabega. Endelea na shingo upande wa kulia, mabega yote mawili, ukishuka hadi kwenye viwiko, kwapa, kifua mbele na chini, mbavu, halafu mgongo mzima. Kwenye makazi ya mbwa waliookotwa, zoezi hili lirudiwe angalau mara mbili kwa nyakati tofauti na mtu tofauti, mara moja anapopokelewa na tena kabla ya uamuzi wowote usiorudishika. Mbwa aliyeingia akiwa na hofu, akijikunja na kupinda shingo, huficha chipu ambayo kesho yake akiwa ametulia itasomeka mara moja.

Simu haitasaidia hapa. Kisomaji kilicho ndani ya simu hutumia megahezi 13.56, mbali kabisa na masafa ya chipu ya mbwa, na hakuna programu ya kupakua inayoweza kubadilisha hilo.

Kama cheti cha kuwekwa chipu kipo na skana mbili zimeshindwa, mpige mbwa eksirei ya shingo na kifua, ya ubavuni na ya juu. Chipu huonekana waziwazi. Ikionekana mahali usipopitisha skana, rudi hapo na skana. Ikionekana palepale ulipopitisha na bado imenyamaza, jaribu skana ya masafa mengine kabla ya kuitangaza imekufa. Isipoonekana kabisa, huenda ilitoka siku ile ilipowekwa au haikuwahi kuingia.

Kwa nini huwa haikuingia

Hili hutokea kuliko watu wanavyodhani, na karibu kila mara mtu hakupitisha skana baada ya kuweka. Sindano ni nene, kipimo cha geji 12 kwa chipu ya kawaida na geji 15 au 16 kwa ile ndogo (geji ikipungua, sindano ni nene zaidi), hivyo huacha tundu halisi. Chipu inaweza kurudi kwa njia ileile iliyoingilia, ikanasa kwenye manyoya na kuanguka sakafuni.

Kuzuia kwake ni suala la mkono. Skani mbwa kwanza, mwili mzima, usije ukaweka ya pili. Skani chipu ikiwa bado kwenye kifungashio na ulinganishe na stika, ukiwa umeyaweka mbali mabomba mengine ya sindano. Skana inaweza kusoma chipu ya jirani mezani na ukaandika namba ya mbwa wa kesho. Tenga manyoya katikati ya mabega, safisha kwa spiriti na uache ikauke. Inua ngozi iwe kama hema, ingiza sindano kwa mlalo, mdomo wake uliokatwa ukitazama juu, ifike chini ya ngozi lakini isifike kwenye msuli. Sukuma bomba hadi mwisho, na wakati wa kuchomoa usiachie kidole juu ya bomba. Ukiachia mapema, sindano huondoka na chipu. Bana tundu kwa vidole kwa sekunde 30. Kagua sindano na sakafu, kisha skani tena.

Mbwa mdogo sana anahitaji mtu wa kumshika anayejua kazi yake. Mbwa akiruka sindano ikiwa ndani, ncha inaweza kushuka kuelekea uti wa mgongo. Matukio ya namna hiyo yamewahi kuripotiwa kwa wanyama wadogo. Miguu ikilegea au mbwa akianza kuyumba baada ya kudungwa, hiyo ni dharura ya hospitali saa ileile, na chipu isijaribiwe kutolewa na mtu asiye mpasuaji.

Skana inalia, lakini kilichotoka hakieleweki

Tarakimu 15 ndizo za kawaida. Tatu za kwanza ama ni za nchi (250 ni Ufaransa, 276 Ujerumani) au ni za mtengenezaji, kuanzia 900 hadi 998. Namba zinazoanza na 900 hutumiwa kwa pamoja na watengenezaji wengi, kwa hiyo usikimbilie kumtaja mtengenezaji kwa tarakimu tatu peke yake. Ikianza na 999, hiyo ni ya majaribio na haikupaswa kuwa ndani ya mbwa. Mwekee mbwa chipu nyingine halali na uandike namba zote mbili.

Tarakimu 9, tarakimu 10, au mchanganyiko wa herufi na namba ni dalili ya chipu ya zamani isiyofuata ISO. Iandike jinsi ilivyo, pamoja na nafasi na nyota zake. Usiongeze sifuri mbele ili zifike 15. Baadhi ya chipu za kilohezi 125 zimefumbwa, na skana isiyo na ufunguo wake hutangaza tu kwamba kuna chipu bila kutoa namba. Jibu hilo si la kupuuzwa hata kidogo: mbwa ana mwenyewe mahali fulani, na kinachohitajika ni skana nyingine.

Namba iliyotokea upesi mno nayo itilie shaka. Skana nyingine hubakiza kwenye skrini usomaji wa mbwa aliyetangulia. Futa, soma tena mara mbili, na ukubali namba inapojirudia sawasawa.

Namba mbili katika mbwa mmoja

Chipu mbili zikilala karibu, kiwango cha ISO 11785 hakina utaratibu wa kuzipa zamu. Zikijibu pamoja, skana husoma ile yenye nguvu zaidi au haisomi yoyote. Ndiyo maana ukipata namba moja usisimame; maliza kupitisha mwili mzima. Ukipata mbili, tafuta rekodi za zote na uziweke zote kwenye jina moja. Hakuna haja ya kutoa ya zamani kwa upasuaji.

Namba inasomeka, mwenyewe hayupo

Hapa ndipo mbwa wengi hukwama, na inasikitisha kwa sababu ni kazi ya dakika chache iliyoachwa bila kufanywa. Kudungwa chipu na kusajili namba ni matendo mawili. Ndani ya chipu hamna jina wala simu. Kama daktari aliweka na fomu ikabaki kwenye faili, namba ile haimfikishi mtu popote.

Anza kwa kuuliza namba iko kwenye sajili ipi. Marekani kuna kitafutio cha AAHA, chama cha hospitali za wanyama, kinachoonesha namba imeandikishwa kwenye sajili gani, bila kutoa jina la mtu; Ulaya kuna Europetnet inayounganisha sajili za nchi mbalimbali. Kama hakuna sajili inayoitambua, tumia tarakimu za mwanzo kumpata mtengenezaji. Mtengenezaji anajua aliuza kundi lile la chipu kwa kliniki au msambazaji gani, na kliniki ile huwa na daftari. Njia hii ni ndefu, lakini imewarudisha mbwa ambao hawakuwahi kusajiliwa.

Ukikuta jina lisilo la mwenye mbwa, uliza mbwa alitoka wapi. Mfugaji aliyemzalisha, au makazi yaliyomtoa, mara nyingi ndiye aliyeandikwa kwanza. Uingereza, ambako tangu 6 Aprili 2016 kila mbwa aliyezidi wiki 8 lazima awe na chipu, mfugaji ndiye huandikwa mwanzo na mnunuzi lazima ahamishe rekodi kwa jina lake. Kubadilishana mbwa bila kubadilisha rekodi kunaacha mtu wa zamani akipigiwa simu. Ukiwa wewe ni mnunuzi, dai karatasi ya kuhamisha siku ileile unayomchukua mbwa, kabla mawasiliano hayajapotea.

Simu isiyopatikana ndiyo kasoro nyepesi kuliko zote na ndiyo inayoumiza zaidi. Weka namba mbili za simu za watu wawili wasioishi nyumba moja, na barua pepe. Ukihama au ukibadili laini, sajili iwe ya kwanza kuambiwa. Baada ya kusajili, itafute namba yako mwenyewe kwenye kitafutio ukiwa kama mtu baki, uone kama kweli inajitokeza.

Namba ya cheti na ya skana hazilingani

Linganisha tarakimu moja moja, ukisomewa na mtu wa pili. Zikitofautiana moja au mbili zilizopishana nafasi, ni kosa la kunakili. Rekodi irekebishwe na daktari aweke sahihi na tarehe. Zikitofautiana kabisa, huenda vyeti vya ndugu wawili wa tumbo moja vimebadilishana, kwa hiyo mtafute na yule mwingine.

Chanzo kimoja hujificha kwenye kompyuta. Majedwali ya hesabu huichukulia namba ndefu kama kiasi na kuionesha kwa ufupisho, mfano 9.85E+14. Faili ikihifadhiwa kama CSV (faili ya maandishi matupu) katika hali hiyo, tarakimu za mwisho hugeuka sifuri na hazirudi. Majedwali hayohayo hufuta sifuri ya mwanzo kwenye namba za nchi zinazoanza nayo. Ipange safu kuwa maandishi kabla ya kuingiza namba ya kwanza, na pale inapowezekana bandika stika ya msimbopau badala ya kuandika kwa mkono.

Imehama

Chipu huchukua siku hadi wiki kadhaa kushikwa na tishu inayoizunguka. Nyingine zina kifuniko cha polima upande mmoja ili tishu ishike upesi. Kabla ya hapo, kuogelea, kuvutwa kwa mkanda au michezo ya kukwaruzana inaweza kuitelezesha kuelekea bega, kiwiko au kifua. Ikihama na bado inasomeka, iache. Andika tu kwenye rekodi mahali ilipo sasa, ili anayeskani baadaye apatafute. Skani tena wiki 2 hadi 4 baada ya kuiweka, na kila mwaka mbwa anapokwenda kuchanjwa.

Damu, uvimbe, usaha

Tone la damu na uvimbe mdogo wa siku chache ni kawaida; bana kwa kitambaa safi na usimwoshe mbwa kwa siku kadhaa. Uvimbe unaozidi kuwa mkubwa siku ya tatu au ya nne, wenye joto na maumivu, au unaotoa maji na usaha, ni jipu. Usiukamue, kwa sababu unaweza kuitoa chipu na kusukuma uchafu ndani zaidi. Daktari atafungua, atasafisha na kuamua kama chipu itolewe. Ikitolewa, ipigwe skana na irekodiwe kuwa imetoka.

Kifundo kigumu kinachotokea miezi au miaka baadaye na kinaendelea kukua kifanyiwe kipimo cha seli. Saratani mahali pa chipu imeripotiwa kwa mbwa wachache mno, na si sababu ya kukataa chipu, lakini kifundo chochote kinachokua kina haki ya kupimwa. Mbwa akipelekwa kwenye MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) ya shingo, mwambie mpimaji kuna chipu: picha ya eneo la karibu itakuwa na doa jeusi.

Karatasi zimekataliwa safarini

Umoja wa Ulaya hutaka chipu iwekwe kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa au siku ileile. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki hata kama imetolewa na daktari bingwa, kwa sababu hakuna kinachothibitisha kwamba ni mbwa huyo aliyechanjwa. Dawa yake ni kuchanja upya baada ya kusoma chipu, mbwa akiwa na angalau wiki 12, na kusubiri siku 21. Anayetoka nchi isiyo kwenye orodha ya Umoja huo huongezewa kipimo cha damu: sampuli siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kiwango cha kingamwili kisichopungua IU (vizio vya kimataifa) 0.5 kwa mililita, kisha miezi 3 ya kusubiri. Kwa hiyo kosa la tarehe ya chipu linaweza kula zaidi ya miezi minne.

Marekani, tangu 1 Agosti 2024, kila mbwa anayeingia lazima awe na chipu inayosomeka kwa skana ya masafa yote na awe na umri wa angalau miezi 6.

Chipu isiyo ya ISO haimzuii mbwa kuingia Ulaya ikiwa msafiri amebeba skana inayoisoma. Njia nyepesi zaidi ni kumwongezea chipu ya tarakimu 15 miezi kadhaa kabla, na kuandika namba zote mbili kwenye kila karatasi. Chipu ikifa katikati ya maandalizi, usiweke mpya kimyakimya. Piga eksirei inayoionesha ya zamani, daktari aandike namba ya kwanza, namba ya pili na tarehe ya kuweka, kisha ulizia mamlaka ya nchi unayokwenda kama chanjo iliyopo itakubaliwa kabla ya kulipia tiketi.